Kipande Kilichoibwa Yanarumi

Mwizi alikuwa ameacha betri. Aliacha paneli ya sola, nyaya za shaba, hata kufuli, ambalo alilifunga tena vizuri alipoondoka.

Inspekta Nelva Quishpe alichutama mbele ya kisanduku cha chuma, upepo wa mlima Yanarumi ukimchapa usoni. Katika miaka yote aliyofanya upolisi huku milimani Ecuador, hakuwahi kukutana na mwizi mwenye adabu namna hii.

"Sasa kimeibwa nini?"

Daktari Irma Cevallos, mkuu wa kituo cha kuchunguza volkano, alionyesha kwa kidole. "Kipande kilichokuwa hapa. Kidogo kuliko kifungo cha koti. Kazi yake ni kutoa volteji isiyoyumba."

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mlima ukitikisika, kipima-tetemeko kinatoa umeme. Mashine hii inaugeuza umeme huo kuwa namba, kwa kuulinganisha na volteji ya kipande kile. Ni jiwe la mizani, Inspekta. Jiwe likibadilika uzito, kila unachopima ni uongo. Mwizi ametuwekea kipande cha bei rahisi. Jua likikipasha moto kinayumba, na namba zinavimba."

Namba hizo ndizo zilizopiga king'ora juzi adhuhuri. Mji mzima wa San Jacinto ulitimua mbio, sufuria zikabaki motoni. Kumbe mlima ulikuwa umelala fofofo. Mzee Segundo Tipán aliteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika mguu.

Nelva alimulika lehemu kwa tochi. Ilikuwa safi, bila tone lililomwagika.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi na Fausto."

Fausto Ilbay, injinia wa kituo, alikuwa amesimama pembeni na begi la vifaa. "Alama za vidole mtazikuta zangu," alisema. "Nafanya kazi hapa."

"Sijakuuliza bado," alijibu Nelva.

Alishuka hadi zahanati kuchukua maelezo ya majeruhi. Mzee Segundo alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta, na muuguzi Lupe akimbandika nyaya kifuani.

"Nimemkimbia mlima uliolala!" alisema mzee. "Mke wangu ananicheka mpaka mbavu zinamuuma. Liandike na hilo."

"Mguu ndio umevunjika," Nelva alimwambia Lupe. "Kifua cha nini?"

"Kwa umri wake lazima tuuangalie moyo. Tena siku hizi mashine inasoma vizuri. Zamani friji la chanjo likiwaka tu, mstari wa moyo unageuka ua wa miiba."

"Imepona lini?"

"Wiki iliyopita. Siku ile Mama Zoila alipokimbizwa Quito."

"Nani aliitengeneza?"

Lupe akainamisha kichwa.

"Dada, nimekuuliza."

"Fausto. Mwanawe."

Mashine ya moyo ilifunguliwa mbele ya Daktari Irma. Alikitambua kipande chake papo hapo, akaketi kwenye benchi.

Alasiri Fausto aliletwa chumba cha mahojiano.

"Ulikitoa wewe?"

"Nilikitoa mimi."

"Kwa nini?"

"Mama alibanwa na kifua. Karatasi ya mashine ikatoka vurugu tupu. Daktari wa zahanati akasema hawezi kumpa mgonjwa rufaa kwa karatasi kama ile, labda ni gesi tu. Nikaifungua, nikaona tatizo: volteji inacheza na friji. Kipande cha kuituliza hakikuwepo Quito, mpaka kiagizwe ng'ambo. Mama asingesubiri. Na mlimani kipo."

"Ungeomba."

"Niliogopa jibu."

"Na mlima ungelipuka kweli?"

Fausto alitazama mikono yake. "Nilijiambia kile cha rahisi kitashikilia. Nilijidanganya. Mzee Segundo wa watu..."

"Mama yako mzazi?"

"Hapana. Wazazi wangu walichukuliwa na tope la mlima huu huu. Mama Zoila alinifukua kwa mikono yake mpaka kucha zikang'oka. Hakuwa hata jirani yetu. Ndiyo maana nikasomea volkano, Inspekta. Nilitaka kumlipa. Siku ya kumlipa ilipofika, nikaona moyo wake tu, nikawasahau wengine wote."

Nelva aliandika, Fausto akatia saini. Daktari Irma aliingia na habari: kipande kipya kimeshafungwa mlimani, na kile cha zahanati kibaki huko huko. Mzee Segundo naye alituma ujumbe. Mashine imekuta moyo wake unaruka mapigo, ameanza dawa. "Amshtaki Fausto kwa mguu au amshukuru kwa moyo?" Irma alifikisha. "Anasema mtamjulisha nyinyi wenye sheria."

"Kesi itakwenda kwa mwendesha mashtaka," alisema Nelva. "Haya nayo yatakuwemo." Kisha akapiga simu hospitali ya Quito, akaweka spika.

"Fausto! Nimeambiwa umeiba."

"Ndiyo, mama."

"Ulinzi wa watu wote wale, kwa ajili ya kikongwe mimi! Pumbavu wee! Nilikufukua ili uje uwaache wengine wafukiwe?"

Fausto alikuwa analia. Sauti ya Mama Zoila ikalegea.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Leo nimekunywa supu ya viazi. Nimetembea mpaka dirishani. Asante, baba. Sasa mwambie afande kweli yote, halafu ukaombe radhi mlango kwa mlango."

"Nimeshasema yote, mama."

"Basi mpe simu. Nataka kumuuliza kama umekula."