Mafuta ya Kabini

Kila asubuhi, kabla sireni ya zamu ya kwanza haijalia, Mama Omer alikuwa ameshakaa nyuma ya jiko lake karibu na lango la kambi ya wafanyakazi, akitumbukiza madonge ya unga katika mafuta ya moto. Mikate yake ilijulikana mtaa mzima. Wafanyakazi wa kampuni ya shaba waliinunua ingali inachoma vidole, wakaila huku wakitembea kwenda kazini. Binti yake Kabedi, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, aliifunga katika karatasi. Omer, kaka yake aliyemzidi miaka miwili, alijitwika beseni la pili akalipeleka hadi kituo cha gari moshi. Kisha watoto wote wawili walinawa mikono, wakakimbilia shule.

Hiyo ilikuwa Kolwezi ya wakati wa Zaïre, miaka ile ambayo vitu vilianza kuadimika madukani. Leo hakuna chumvi, kesho hakuna sabuni. Mwishowe mafuta ya kupikia nayo yakapotea. Mama Omer akabaki nyumbani na unga wake, jiko limepoa, uso umekunjamana.

Watu wazima wa siku hizo walikuwa na jibu moja kwa kila shida: "Artikle kumi na tano!" Hakuna aliyewahi kukisoma kifungu hicho cha sheria popote, lakini kila mtu alijua maana yake: jitafutie, na usiulizwe umepataje. Baba mtu alisema hivyo akirudi kutoka kazini na misumari mfukoni. Jirani alisema hivyo akiruka foleni. Walisema wakicheka, na watoto walikuwa hapo hapo wanasikia. Masikio ya mtoto hayana mlango, ndugu yangu.

Omer alikuwa kijana mpole. Alipenda kufungua redio mbovu na kuzifunga tena, na hakuwa na maneno mengi. Lakini njia ya kwenda kituoni ilipita mbele ya ukuta ambapo Muamba alikaa na wenzake watatu. Muamba alikuwa na miaka kumi na saba, shule alishaiacha, na ulimi wake ulikuwa mkali.

"Angalieni mutoto wa mama!" alipiga kelele kila alipomwona Omer. "Weye mwanaume muzima unabeba beseni sawa mwanamuke? Leta basi tukuvalishe kitambaa!"

Wenzake waliangua kicheko. Siku ya kwanza Omer alicheka nao. Siku zilizofuata hakucheka. Kabedi aliona jinsi kaka yake alivyoanza kulishusha beseni kabla ya kufika kwenye ukuta ule na kulibeba ubavuni, kana kwamba ameliokota tu njiani. Ilimuuma, lakini hakumwambia mtu.

Basi, mafuta yalipokosekana na beseni likakaa tupu, Muamba alimwita Omer kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya rafiki.

"Mama yako anakosa mafuta? Kuja na sisi Siku ya Posho. Utarudia na bido imejaa."

Siku ya Posho, yaani Jumamosi, ilikuwa siku ya salongo. Asubuhi mtaa mzima ulitoka na majembe na fagio kusafisha mifereji kwa amri ya serikali. Kiongozi wa salongo alikuwa Tharcisse, aliyeitwa Tata, yaani baba, kwa heshima, mwanamume wa kifua kipana mwenye filimbi shingoni. Asiyetokea aliitwa kwa jina mbele ya watu wote, akaaibishwa. Lakini Muamba na wenzake hawakuitwa kamwe. Tata Tharcisse alikuwa akisema, "Hao batoto iko na kazi yabo ya pekee," kisha akageuza uso upande mwingine.

Kazi ya pekee ilikuwa kwenye kabini. Nyuma ya nyumba za mwisho palikuwa na uzio wa waya uliotoboka, na ndani yake mashine kubwa ya chuma, transfoma, iliyogawa umeme kwa mtaa wote na kuendesha pampu ya maji. Mashine hiyo hupozwa na mafuta yaliyo tumboni mwake. Mafuta hayo ni ya chuma, si ya binadamu. Lakini yana rangi nzuri, na ukiyatia katika sufuria yanachemka.

Jumamosi ya kwanza Omer alirudi na bido ndogo, dumu la bati lililokuwa limejaa mpaka mdomoni. Mama yake aliinusa. Akamtazama mwanawe.

"Imetoka wapi?"

"Artikle kumi na tano, mama."

Mama Omer aliitua bido chini. Kisha akacheka, akampiga Omer begani. "Kumbe mutoto wangu amekomaa!" Hakuuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine. Omer alisimama katikati ya ukumbi, akitabasamu kwa namna ambayo Kabedi hakuwa ameiona kwa muda mrefu. Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu alifunzwa na wote wawili, na somo lilikuwa moja.

Jioni baba yao, Tata Tshibangu, alirudi kutoka kiwanda cha kusaga mawe. Huyu alikuwa mtu wa mashine. Miaka yote alifanya kazi kati ya grisi na injini, na pua yake ilijua kila mafuta. Mama alimpa mikate mitatu katika sahani. Akauma wa kwanza. Akaacha kutafuna. Akamtazama mkewe, kisha Omer, kisha sahani. "Sasa baba atasema," Kabedi aliwaza. Alitamani aseme. Alitamani baba apige meza mpaka vikombe viruke.

Tata Tshibangu alimeza. "Mikate imerudi," alisema taratibu, akachukua wa pili.

Tangu siku hiyo nyumba ilinenepa. Majirani walikuja na chupa tupu, na Kabedi ndiye aliyezipeleka zikiwa zimejaa, ndani ya beseni, chini ya kitambaa. Mama Simone wa nyumba ya pili alikuwa wa kwanza kila mara. "Moyo, Mama Omer!" aliamkia kwa lugha ya kwao Kasai. "Mutoto wako iko na akili. Wangu Mulumba anajua kula tu." Na Mulumba mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alisimama nyuma ya mama yake akimwangalia Omer kwa macho ya kutamani. Mke wa Tata Tharcisse naye alipokea bido yake nzima kila Jumamosi. Matumbo yaliuma mtaani, watoto wakaharisha, wazee wakasema ni mvua. Kila mmoja alijua, na hakuna aliyejua. Ndivyo watu wanavyoweza kuwa.

Kabedi alijaribu mara moja tu kumzuia kaka yake, ambaye alimwita Yaya. Alimkuta Omer akifua suruali yake uani, ina doa kubwa jeusi.

"Yaya, acha. Ile mashine itakuua."

"Niache niende wapi?" Omer alijibu bila kuinua kichwa. "Nirudie kubeba beseni banicheke? Sasa batu banajua jina yangu, Kabedi. Hata Tata Tharcisse ananisalimia mi wa kwanza."

Kabedi mwenyewe shuleni alikuwa amepata marafiki wapya kwa sababu ya mikate. Akaenda kumsaidia kusugua doa.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Filimbi ikalia. Watu wakatoka na majembe, matope yakifika kwenye vifundo vya miguu. Kutoka upande wa kabini ilisikika sauti ya kunguruma, nzito kuliko kawaida, na mbele ya uzio palinuka kuungua.

"Leo hapana," Omer alimwambia Muamba. "Musikilize vile inalia. Iko na moto ndani."

"Anaogopa!" Muamba alicheka. "Nilisema mi, huyu iko mutoto wa mama. Rudia ku beseni yako basi!"

Tata Tharcisse alikuja akiburuta buti zake. "Omer, bibi yangu anangojea ile bido. Wageni banafika leo."

Omer alimgeukia dada yake. Kabedi alikuwa katika mstari wa wasichana wenye fagio, na wasichana wote walikuwa wakitazama. Macho ya Omer yalimwomba neno moja tu. Angesema, "Yaya, mama anakuita nyumbani," angepata mlango wa kutokea bila aibu. Neno lilifika kooni. Lakini msichana wa kando yake alikuwa anacheka, na Kabedi naye akaona haya. Akainamisha kichwa, akafagia.

Omer akaenda.

Mlipuko ulipokuja, ndege wote waliruka kutoka kwenye paa. Muamba na wenzake walipita wakikimbia, macho yamewatoka, hawakusimama. Omer hakuwa nao. Kabedi alitupa fagio akakimbia. Alimkuta nje ya uzio, amepiga magoti katika matope, mikono ameinyoosha mbele, na mikono hiyo haikuwa tena mikono ya mtu. Mafuta ya moto yalikuwa yameirukia mpaka kwenye viwiko.

"Kabedi," alisema, sauti ndogo sana. "Siwezi kuishusha."

Yo! Mama Omer alilia siku hiyo mpaka sauti ikakauka. Omer akalazwa. Mtaa ukakaa bila taa, na pampu ikasimama, watu wakateka maji mtoni chini ya machimbo. Hasira ikapanda. Hatimaye walinzi wa kampuni walikuja, wakawakusanya watu penye lango la kambi. Mkubwa wao akauliza ni nani aliyekuwa akitoa mafuta kwenye kabini.

Tata Tharcisse alitangulia mbele, filimbi kifuani, akamwita mkubwa yule "mwananchi" kwa Kifaransa. "Citoyen, mwizi anajulikana. Iko mutoto wa Tshibangu. Mama yake anauzisha mikate. Sisi tulishangaa kila siku, mafuta inatoka wapi?"

Kabedi aliangalia huku na huku. Mama Simone alikuwa akichunguza vidole vya miguu yake. Muamba alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono mfukoni, mikono mizima. Wote waliokula mikate walikuwepo, na sauti zikaanza: "Mwizi! Mwizi! Balituletea giza!"

"Tata Tharcisse!" Kabedi alipaza sauti. "Na bido yako ya kila Jumamosi? Nilileta mi mwenyewe! Na weye, Mama Simone? Na wewe Muamba, ulimukimbia yaya!"

"Mutoto bila adabu!" walimzomea. "Anasema na bakubwa hivi? Anyamaze!"

Mkubwa wa walinzi hakutaka kusikia mengi. Alikuwa amekuja kutafuta jina, na jina alishapewa. Tata Tshibangu aliweka mkono begani mwa binti yake. "Acha, mwana," alisema. "Siku ya kusema ilikuwa ile ya sahani. Mi niliimeza."

Akafukuzwa kazi wiki ile ile. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kampuni, kupoteza kazi kulikuwa kupoteza nyumba pia. Hawakuwa na pa kwenda ila Lubudi, kwa shangazi wa mama aliyelima mihogo. Omer alitoka hospitali vidole vyake vimejikunja na kugandamana. Kijana aliyekuwa akifungua redio kwa bisibisi ndogo sasa hakuweza kufunga kifungo cha shati. Kabedi ndiye aliyemfungia kila asubuhi, na kila asubuhi alijiuliza kwa nini lile neno moja lilimshinda.

Siku ya kuondoka, lori lilileta kabini mpya. Mafundi waliifunga, wakashona uzio kwa waya mpya. Taa zikawaka mchana kweupe, maji yakatiririka bombani, na watu wakapiga vigelegele. Tatizo la mtaa lilikuwa limekwisha. Tata Tshibangu alikuwa akifunga magodoro kwenye mkokoteni, hakugeuka kutazama.

Ndipo Mama Simone alipoingia uani polepole, akitazama nyuma yake. Chini ya kitenge alikuwa ameficha chupa tupu.

"Moyo, Mama Omer," alinong'ona. "Pole kwa safari. Nilikuwa nauliza... hakukubakia hata kidogo?"

Mama Omer alisimama na sufuria yake nyeusi mkononi. Kabedi alidhani atamrushia. Badala yake aliketi juu ya furushi, akamwita Omer na Kabedi wakae karibu.

"Sikia, Simone. Na ninyi wanangu sikieni," alisema. "Nililaumu Muamba. Nililaumu Tharcisse. Usiku wote nawahesabu wabaya, lakini kila nikifika mwisho najikuta mimi, nacheka, napiga mutoto begani. Kijana hatumwi kuiba kwa mdomo. Anatumwa na chupa tunayomnyooshea, na sifa tunayompa, na swali tunaloacha kuuliza. Kitu kikiingia nyumbani kwako, uliza kimetoka wapi, hata kama una njaa. Na rafiki akicheka woga wako, mwache acheke. Kicheko kinapita. Tazama mikono ya mwanangu kama hiyo itapita." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nilijifunza nikiwa nimechelewa, Simone. Weye ungali na wako."

Mama Simone aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akasema ni kweli, ni kweli kabisa, machozi yakamlenga. Akawakumbatia wote, akaenda.

Mkokoteni ulipofika kwenye ukuta wa Muamba, njia ya kwenda kituoni, Kabedi aligeuka nyuma. Mama Simone alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alikuwa akimpa Mulumba ile chupa na kumwonyesha kitu upande wa nyumba za mwisho. Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, akitabasamu, akaanza kutembea kuelekea kwenye uzio mpya.

"Mulumba!" Kabedi aliita kwa nguvu zake zote. "Mulumba, rudia!"

Safari hii neno lilitoka. Lakini Muamba na wenzake walikuwa wakipiga miluzi kumshangilia mtoto yule, naye hakusikia.