Kitambaa cha Nasambu

Haya yalimpata Nasambu, jirani yangu hapa Kware. Kina mama wa kanisa lake walienda mbugani kuona wanyama. Kando ya gari lao simba waliangusha pundamilia, wakampasua tumbo angali akilia. Nasambu alipochungulia dirishani, upepo ukampokonya kitambaa cha kichwa, alichokishonea jina lake kwa sababu nguo zetu huibwa kambani. Simba jike akakiburuta ndani ya utumbo wa yule pundamilia.

"Achana nacho, mathe," dereva akamwambia.

Aliporudi nyumbani jioni alikuta stima zimepotea, jengo zima giza. Akapapasa ngazi hadi juu ya paa kuanua nguo alizoanika asubuhi. Gizani kitu kilikuwa kinadondoka, to, to. Akamulika simu. Kitambaa chake, kile chenye jina, kilikuwa kambani, kimebanwa kwa vibanio vyake mwenyewe, na damu ilikuwa bado ya moto.