Kilio Kilichoachwa Chang'ombe

Maganda ya karanga ndiyo yaliyomshtua Yudith. Basi lilikuwa limeiacha Manyoni kama saa nzima, taa za ndani zimezimwa, abiria wanakoroma, naye alinyoosha mkono gizani aisogeze karatasi ya karanga za kuchemsha aliyoiweka mapajani mwa mumewe. Karatasi ilikuwa tupu. Maganda yalikuwa yamepangwa juu ya goti, nusu ndani ya nusu, vile vile Nikodemo alivyokuwa akiyapanga miaka yote tisa ya ndoa yao, mpaka Yudith akawa anamtania kwamba angezaliwa mwanamke angekuwa na jiko safi kuliko yote Dodoma.

Na Nikodemo alikuwa amekufa tangu saa saba mchana.

Yudith hakuwa mwongo, hilo nalisema mapema msije mkamhukumu. Waliomjua mtaani kwao Chang'ombe, hapo Dodoma, watakwambia kwamba hata mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano hakumdanganya kuwa haiumi. Alikuwa binti wa Kigogo kutoka Ihumwa, na mumewe alikuwa Mkara, wa kisiwa cha Ukara huko Ziwa Viktoria, aliyeletwa Dodoma na kazi ya ukarani serikalini. Mwaka wa kupunguza watumishi ulimkuta mezani kwake. Akapewa barua, akapewa mkono wa kwaheri, kisha kifua kikaanza. Alipoona hachomoki alimwambia mkewe, "Usinizike huku kwenye vumbi. Unipeleke kwa mama, unilaze karibu na baba." Yudith akaahidi, na ahadi hiyo ndiyo iliyomponza.

Mabasi hayakubali maiti, na gari la kukodi mpaka ziwani halikuwa jambo la kuzungumza kwa watu kama wao. Geofrey, mdogo wake Nikodemo wa ukoo, aliyekuwa nao chumbani roho ilipotoka, alilikumbuka hilo upesi kuliko Yudith. Yudith alipofungua mdomo apige yowe, Geofrey aliuziba kwa kiganja.

"Shemeji, usilie," alinong'ona, yeye mwenyewe machozi yakimtiririka. "Watasikia. Majirani wakijaa hapa, hatumpandishi basi lolote. Atazikwa huku huku."

Yowe likarudi tumboni. Wakamkalisha marehemu kwenye kiti cha mbao, wakamfunga kwa khanga mbili, wakangoja akauke akiwa amekaa. Saa kumi na moja walimvika koti la mtumba na kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, wakamzungushia shuka shingoni, wakambeba kati yao mpaka stendi kama mgonjwa asiyejiweza. Siku zile mabasi yalikuwa bado yanatembea usiku. Viti vilivyobaki vilikuwa viwili tu, hivyo Geofrey alibaki. Angepiga simu Mwanza ndugu wakampokee mgonjwa, na angepeleka ujumbe Ihumwa kwa Emilia, binti yao wa miaka sita, aliyekuwa kwa bibi yake tangu ugonjwa ulipozidi. Ujumbe wenyewe ulitoka kinywani mwa Yudith: Baba amekwenda kwao kutibiwa, atarudi.

Kondakta alikuwa mtu wa macho. Hata Bahi hawajafika alisimama juu yao.

"Mama, huyu mgonjwa wako mbona haongei?"

"Kachoka, kaka. Malaria imempanda kichwani."

Ili aaminiwe ikabidi aongee naye. Kila kondakta alipopita, Yudith aliegemea bega lile gumu akasema kwa sauti ya kusikika, "Baba Emilia, umechoka, ee?" Akamwekea chupa mdomoni, "Kunywa maji kidogo," na maji yakaishia kwenye shuka. "Vumilia, tunakaribia kufika." Mwanzoni aliyasema kwa ajili ya kondakta. Walipofika Kintinku alikuwa akiyasema hata kondakta akiwa amesinzia, maana kuyasema kulimlegezea donge lililomkaba tangu mchana. Karanga za Manyoni alimnunulia hivyo hivyo, kwa mazoea ya mke.

Sasa aliyashika maganda yale mkononi. Akapapasa chupa ya maji, nayo ilikuwa tupu. Akagusa shuka, akakuta limekauka. Alikuwa ameinyunyizia nguo ile marashi kwa kuogopa harufu ya mfu, lakini iliyomjia puani haikuwa ya marashi wala ya mfu. Ilikuwa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, kana kwamba mtu amezima moto wa jikoni chini ya kiti chao.

"Mwanangu," sauti ikanong'ona nyuma yake. "Usigeuke."

Alikuwa Mzee Shaaban, mfanyabiashara wa alizeti kutoka Kondoa, waliyesalimiana stendi. Yudith alimjibu kwa kunong'ona pia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Niambie kweli. Huyo mtu wako ni mzima?"

Yudith akatikisa kichwa.

"Inna lillahi. Nimeelewa. Basi usimwite tena. Tangu Manyoni namsikia anameza."

"Mzee, nifanyeje?"

"Maiti asiyeliliwa ni nyumba iliyoachwa wazi, mwanangu. Wapo wapita njia ambao si watu. Ukimwita mwenye nyumba, wanaitika wao. Nyamaza mpaka ufike, na ukifika useme ukweli." Kisha akaanza kusoma, chini chini, na Yudith akasikia meno ya mzee yakigongana katikati ya aya.

Alinyamaza Singida ikapita. Alinyamaza mpaka Sekenke. Pale basi lilipoanza kuteremka mlima, breki zikilia na abiria wakiamka mmoja mmoja na kushika vyuma vya viti, harufu ya majivu ikazidi, ikamjaa puani na kooni, akahisi kitu kinatembea juu ya khanga yake, polepole, kikipapasa kama mtu anayetafuta njia gizani, kikapita gotini, kikapanda, kikaupata mkono wake kikaushika, vidole vitano, vya moto, vikaufinya mara mbili namna ile Nikodemo alivyokuwa akiufinya kanisani misa ikirefuka, na Yudith, aliyejua, aliyekwisha kuambiwa, ambaye mchana ule ule aliyafumba macho ya mtu huyu kwa mkono huo huo, akasema, "Baba Emilia?"

"Umechoka, ee?" ikamjibu sauti ya mumewe.

Mimi simlaumu. Aliushikilia mkono ule mpaka Shinyanga, akilia bila sauti, na sijui ni nani kati yetu angeuachia.

Mwanza, Nikodemo aliteremka kwa miguu yake. Mzee Shaaban alishuka mlango wa pili bila kugeuka nyuma. Ndugu waliokuja kumpokea walifurahi kumwona mgonjwa anatembea, ila mmoja wao aliuliza mbona magoti hayanyooki. Kweli hayakunyooka. Alitembea amekunja miguu, kimo cha kiti, kana kwamba kile kiti cha Chang'ombe bado kiko chini yake.

"Ganzi," Yudith akasema. "Safari ndefu."

Walipanda meli mpaka Nansio, wakalala, wakachukua gari mpaka Bugolora, kisha boti mpaka Ukara. Njia nzima alimjibu kila mtu. Aliyemsalimia aliambiwa avumilie, tunakaribia kufika. Aliyemuuliza hali aliambiwa anywe maji kidogo. Watu walicheka, wakasema Nikodemo kawa mcheshi. Yudith peke yake alijua ni maneno ya nani.

Mama yake Nikodemo, Generosa, alikuwa mjane mrefu mwenye mgongo ulionyooka. Alimkumbatia mwanawe mlangoni akacheka, akalia, akacheka tena. Ukara ardhi ni finyu, ng'ombe hufugwa ndani ya nyumba, kwenye shimo, wakikatiwa majani. Nikodemo alipoingia, ng'ombe watatu wa mama yake waliacha kucheua, wakageukia ukutani wote pamoja. Mama akapakua ugali na samaki. Nikodemo akala, akaongezwa, akala, sahani ya nne ikaenda, na mama aliyekuwa akimsemesha kwa Kikara akapunguza maneno. Jua likiwa bado halijazama, alimshika Yudith mkono akamtoa mpaka nyuma ya nyumba, kwenye mawe.

"Mkwe wangu, nimemuuliza kwa Kikara baba yake alikuwa nani. Ameniambia, kwa Kiswahili, ninywe maji. Mtu husahau mengi akiugua. Lugha aliyonyonyea hasahau. Mwanangu alikufa lini?"

Yudith akapiga magoti. "Juzi, mama. Juzi saa saba mchana. Nilimwahidi kumleta."

"Umemleta. Hujamlilia."

"Mkono wake una joto, mama." Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. "Niache nirudi naye. Emilia anamngoja."

Generosa alikaa chini kando yake. "Na mimi nimemkumbatia leo. Unadhani sikutamani? Lakini mwanangu mwenyewe yuko wapi? Kwa baba yake hajafika. Yuko njiani huko, hana pa kupumzika, na mgeni anakula chakula chake. Mimi siwezi kukianza kilio, sikumwona akikata roho. Wewe uliyekizuia ndiye wa kukianza." Akamfuta machozi kwa pindo la kitenge. "Nani mwingine uliyemwambia kuwa yu hai?"

"Emilia."

"Basi ukimaliza hapa umwahi, umwambie, umlilie na mbele yake. Umwahi kabla hajaanza kumwita."

Waliporudi ndani alikuwa amekaa kando ya shimo la ng'ombe, uso umeelekea mlangoni. Yudith akasimama mbele yake. Lilikuwa koti lile lile, kovu lile lile la kidevuni, macho aliyoyapenda tangu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa.

"Nikodemo amekufa," alisema.

Yule aliyekaa akamtazama. Kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Geofrey.

"Shemeji, usilie. Watasikia."

Hapo Yudith alielewa kwamba kitu kile hakikumpanda mumewe Manyoni wala Sekenke. Kilikuwa chumbani Chang'ombe tangu pale kiganja kilipoziba mdomo wake, kikakaa kwenye kiti pamoja nao, kikingoja kuitwa. Kikainuka sasa, magoti yamekunjwa, mkono ukanyooka, na kile kiganja cha moto kikamziba tena mdomo, kikamsukuma mpaka ukutani, ng'ombe wakapiga kelele shimoni, harufu ya majivu ikamnyima pumzi, na chini ya kiganja kile Yudith akakusanya safari nzima, tangu kiti cha mbao mpaka mkono ule aliokataa kuuachia, akapiga yowe. Likapita. Likatoka nje, likafika kwenye mashamba, na kutoka nyumba ya pili mwanamke akalipokea, na wa tatu, na Generosa naye akaachia la kwake, mpaka kilima chote kikawa kinalia.

Mwili ukaanguka. Maji ya chupa yakamwagika kutoka mdomoni, kisha punje za karanga, nzima, hazijatafunwa. Halafu harufu ya siku mbili ikaja yote kwa mara moja, harufu ya mfu wa kawaida, na Yudith akaishukuru.

Walimlaza karibu na baba yake. Yudith alilia siku tatu, akalia na deni la Chang'ombe lote, mpaka sauti ikapasuka, ikakatika kabisa. Alipopanda boti kurudi alikuwa na mnong'ono tu. Generosa alimpa asali na kumwambia sauti itarudi baada ya mwezi.

Alifika Ihumwa alasiri, moja kwa moja kutoka stendi, bila hata kupitia nyumbani. Mama yake, Anastazia, alikuwa anapepeta ulezi uani.

"Emilia mzima?" Yudith alinong'ona.

"Mzima, na sauti yako je? Pole, mwanangu. Mzima kabisa. Ila kila jioni alikuwa anakwenda kule relini kumwita baba yake. Nilimwacha, nikajua ni upweke. Jana karudi amefurahi, na leo hajakwenda." Akainua ungo, akapuliza makapi. "Baba yake anaendeleaje?"

Yudith alimpita akaelekea mlangoni. Alikuwa ameshamwona mtoto, amekaa kwenye mkeka ndani ya kivuli cha mlango, miguu ameikunja. Juu ya goti lake yalikuwa maganda ya karanga, nusu ndani ya nusu. Yudith alipiga magoti akamvuta kifuani, na katika nywele za mwanawe akanusa majivu yaliyomwagiwa maji.

"Emilia," alinong'ona. "Nilikudanganya, mama. Baba amekufa. Tulie, mwanangu. Njoo tulie wote."

Emilia alimtazama usoni. Akainua kiganja chake kidogo, cha moto, akauziba mdomo wa mama yake.

"Shemeji, usilie," alisema mtoto. "Watasikia."

Yudith akavuta pumzi yote iliyokuwamo kifuani, akafungua mdomo chini ya kiganja kile, akasukuma. Uani, bibi aliendelea kupepeta ulezi, maana hakusikia kitu.