Sauti Iliyoambiwa Rudia

Mama alikuwa anakamua shuka la mwisho mumewe alipoingia uani na kanda mkononi.

"Mama watoto, imepatikana. Ule mchezo wa nyimbo alioimba marehemu."

Shuka likabaki ndani ya beseni. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za okestra na za michezo ya nyimbo, aamue ipi ipite na ipi ifutwe. Hii aliyoimba binti yao mkubwa haikuwahi kupimwa. Mwimbaji alitangulia kuzikwa.

Aliiweka kwenye mashine sebuleni. Fidla zilikuwa juu mno, kwaya imechelewa. Kisha binti akaimba, na mama, kwa mazoea ya kazi, akatamka: "Safi. Rudia."

Akazima mashine. Sauti ikarudia.

Ikarudia jikoni mchana kweupe, ikarudia bafuni, na kila iliporudia ilileta harufu ya dawa ya kuchua ya chumba alichougulia marehemu, na kila iliporudia koo la mdogo mtu, ambaye walimwita Chiriku kwa kuwa hata usingizini hakuishiwa maneno, lilizidi kukauka, mpaka akafungua mdomo kuomba maji na hakikutoka kitu.

"Huyo si mwanetu," mama mkwe alinong'ona. "Ni jini limevaa sauti yake. Linakula ya mdogo."

"Basi tuite mganga," mama akasema.

"Mganga ndiye aliyelisifu? Umelikaribisha wewe, mkwe wangu. Ulikatae wewe."

Mumewe alishika kichwa. "Liache liimbe mara moja tu. Ya mwisho."

"Kwa koo la nani, baba watoto?"

Mama akasimama ukumbini. Sauti ilikuja ikiwa safi kuliko ilivyokuwa kwenye kanda, haina kosa hata la kutafuta, naye akaiambia kama anavyowaambia waimbaji wote: "Pumzi fupi. Umeshuka. Haipiti."

Ikanyamaza. Halafu, karibu kabisa na sikio lake, kama alivyouliza kila alipotoka mazoezini: "Mama, nimekosea wapi?"

Mama aliuma mdomo. "Haipiti. Ifutwe."

Harufu ikakatika. Akaifuta na kanda, mwanzo hadi mwisho, kisha akaenda kupika.

Alipopakua aliuliza, "Nani hajakaa?"

"Tupo wote, mama," alisema Chiriku, sauti inakwaruza.

Akawahesabu kwa mwiko: mama mkwe, mume, Chiriku, yeye mwenyewe. Akahesabu tena. Hakupungua mtu, ila mwiko ulikuwa bado unamtafuta wa tano.