Kidevu cha Kukopa

Kitambulisho cha Muyeol kilipotea, na ofisi ya mtaa ilitaka picha isiyozidi miezi sita. Basi jioni hiyo, jua likizama nyuma ya maghorofa ya jiji la Daegu, akaingia studio ya mzee Pyo, ambaye wateja wake siku hizi walikuwa wazee wanaojiandalia mapema picha ya mazishi.

Mle ndani mlinuka udi.

“Nichonge taya, mzee. Nakuomba.”

Majuma matatu alikuwa hajagusa wali. Mtandaoni walimwita kiazi. “Usikitukane kiazi,” mmoja akaandika, akapata mioyo elfu moja.

“Kuchonga siwezi,” mzee akanong'ona. “Kubadilisha naweza. Chagua.”

Ukutani walipangwa marehemu, kila mmoja na utepe wake mweusi. Kati yao kijana mmoja, taya kama limepigwa randa.

“Huyo.”

“Huyo hana wa kumlilia. Wewe unaye?”

“Mama.”

“Anatosha,” mzee akaiambia ile picha.

Kamera ikalia... tk.

Kesho yake, mhudumu wa dirisha namba tatu la ofisi ya mtaa akaitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha. “Miaka kumi na moja kazini, leo ndiyo mara ya kwanza picha kufanana na mtu!” Akagonga mhuri kwenye cheti cha muda kwa raha zake.

Muyeol akashika kidevu. Kilikuwa kizuri.

Kilikuwa baridi.

Jioni akakimbilia nyumbani. Mlangoni, viatu vya majirani. Ndani, udi. Mezani, picha ya uso wa mviringo, uso wake wa juzi, na utepe mweusi. Mama yake, amevaa nyeusi, akamwinamia kama anayempokea mgeni.

“Asante kwa kuja. Ulimfahamu mwanangu?”

“Mama! Ni mimi!”

“Masikini, kachanganyikiwa,” jirani akaguna.

Muyeol akatoa cheti. Mama akasoma jina.

“Jina lake umelitoa wapi, kijana?”

Muyeol akafungua kinywa alie. Taya likagoma...

Kisha likasogea lenyewe.

“Alinipa mwenyewe, mama,” ikasema sauti ya mtu mwingine, taratibu. “Mimi sikuwa na mtu.”

Mama akafuta macho, akamsogezea bakuli la supu ya msiba.

“Basi kula, mwanangu. Yule alikuwa anakataa kula.”

Kinywa kikala, kikaomba tena.

Muyeol hakuonja kitu.