Breki Mpya ya Tsuma

Yaliyompata rafiki yetu Tsuma, mwendesha bodaboda wa Kwale, aliyasimulia mara moja tu.

Kwa miaka mingi alimbeba Mama Jumwa, ambaye hakupenda kupaza sauti: akitaka kushuka, alimgusa begani mara mbili. Mwezi wa Ramadhani uliopita breki ilikataa mteremkoni, mama akaanguka, akafariki. Hakuna aliyemlaumu Tsuma. Hata Dama, binti wa marehemu, alimwomba ampeleke kliniki kama zamani. Tsuma akasema hatabeba mtu mpaka pikipiki isimame palepale iliposhindwa.

Alasiri moja fundi Kilonzo akamfungia breki ya diski.

"Hii ukiigusa inagoma kama punda," fundi akacheka. "Lakini teremka peke yako kwanza, boss. Usibebe mtu."

"Nimbebe nani tena?" Tsuma akajibu kwa uchovu.

Mteremkoni, wingu la mvua lilikuwa limeutia msitu giza. Akazima injini ili aisikie breki vizuri. Tairi zilinong'ona juu ya lami. Hata ndege hakulia.

Alipokaribia pale, akaguswa begani mara mbili.

Akabana breki, pikipiki ikasimama. Kwa mazoea akatua mguu wa kushoto, akainamisha pikipiki kidogo, akasema, "Shuka polepole, mama."

Ndipo akakumbuka kuwa yuko peke yake.

Nyuma yake springi za kiti zikalia, zikainuka taratibu, kama zinavyoinuka abiria anaposhuka.