Dua ya Baba Niliyoitia Sumu

Nina miaka thelathini na sita, sina mume na sina kazi. Mume simjutii hata kidogo! Kazi ndiyo inayonitoa machozi, kwa sababu niliiua kwa vidole vyangu mwenyewe... Jina langu halisi nalificha. Niiteni Mwanaheri, mzaliwa wa Siyu, mkazi wa Wiyoni.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwandishi wa barua za posa. Kwetu wazee huibeba barua hadi kwa kina msichana, nayo husomwa kwa sauti mbele ya ukoo mzima. Mtu hupimwa kwa lugha yake. Baba alikuwa na sharti moja ambalo kila mteja alilijua: dua ya kufungia huwekwa siku ile ile barua inapotoka, na ikishawekwa, barua haisomwi tena. Hutiwa kwenye bahasha, na atakayeifungua ni mzazi wa msichana. Alipofariki, ndugu zangu waligawana shamba. Mimi nilichukua daftari la maneno yake, nikairithi kazi.

Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu, na hewa ya chumvi ilikuwa imekula kila kipanya nilichonunua. Jirani yetu mmoja, mwalimu kijana kutoka bara, alinionea huruma.

"Bi Mwanaheri, achana na kipanya kabisa," aliniambia. "Kuna programu ya kuandikia unaiendesha na vidole tu. Ukiizoea hutataka ingine!"

Wiki ya kwanza nilimlaani kimoyomoyo. Kila amri ilikuwa kitufe, na nikikosea kitufe kimoja maneno yalipotea. Lakini mwezi haukuisha, vidole vikawa vinakwenda vyenyewe. Ndipo akaniwekea vijiprogramu vya kuongezea, wenyewe huviita plagini. Mojawapo ilitunza nakala ya kila kitu kilichowahi kuandikwa humo. Nyingine ilifungua vifupisho. Niliingiza maneno yote ya daftari la baba, kila fungu na kifupisho chake, na nikibonyeza herufi mbili tu, d na z, dua yake nzima inatokea. Ya tatu ilikunja aya ndefu. Dua ilipotokea uliona mstari wa kwanza peke yake, na mingine ilijificha mpaka karatasi itoke kwenye mashine ya kuchapa. Nilipenda hivyo, maana dua si kitu cha kuchezewa na macho.

Wateja walikuja kutoka Faza na Matondoni. Nilijiona malkia!

Mume wangu, nitamwita Shee, alikuwa dalali wa kamba, wale wa baharini. Kila wiki alikuwa Kizingitini siku mbili tatu. Aliniomba nimfundishe ile programu aandikie orodha zake, nami mjinga nikamfundisha kila kitufe, nimemwekea mkono begani... Nani angedhani namnolea kisu cha kunichinja?

Jumatano moja asubuhi Shee alikuwa ametoka. Nikawa natafuta barua ya mteja katika zile nakala zilizotunzwa. Nikakuta barua nisiyoiandika mimi. Salamu zake ni za baba yangu. Sifa za msichana ni maneno ya baba yangu, neno kwa neno. Mwenye posa ni Shee. Msichana ni wa Kizingitini.

Mke wa pili ni haki yake, sikatai. Lakini nilipofika katikati nikasoma hivi: "Na mke wangu wa kwanza ameniridhia kwa moyo mkunjufu." Mimi! Niliridhia lini? Aliniuliza wapi? Ananiibia maneno ya marehemu baba yangu, kisha anayatumia kunizulia uongo?

Sikulia wala sikupiga kelele. Nilitazama mwisho wa barua, nikaona dua haijawekwa. Shee alikuwa ameshika sharti la baba, akiisubiri siku ya kutoka, nayo, kwa tarehe aliyoiandika juu, ilikuwa Ijumaa. Nikatabasamu...

Nilifungua ile orodha ya vifupisho. Mstari wa kwanza wa dua niliuacha vile vile. Mistari iliyofichwa chini yake niliifuta yote, nikaandika: "Enyi wazee, mwenye barua hii ni mwongo. Ana mke, na mke wake hakuulizwa wala hakuridhia. Akiwadanganya nyinyi barazani, mwana wenu atamfanyaje chumbani? Mkatalieni." Nilipomaliza nilihisi tumbo limepoa, kama mtu aliyekunywa maji baada ya kufunga.

Kesho yake, Alhamisi, alikuja Bi Rukia. Huyu ndiye aliyenipokea nilipokuja Wiyoni mgeni, akanifundisha mji, akaniuguza homa. Mwanawe wa pekee, Swaleh, kijana ambaye hajawahi kuoa, alipata mchumba kwetu Siyu, na wazee walikuwa wanaondoka jioni ile. Nikamwandikia barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Lakini kichwa changu hakikuwapo! Kilikuwa Kizingitini, kinamtazama Shee akiaibika. Nikabonyeza d, nikabonyeza z. Mstari wa kwanza ukatokea. Karatasi ilipotoka niliilaza kifudifudi, kama baba alivyonifundisha, nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga.

Ndugu wasomaji... mmeshaelewa nilichofanya? Mimi sikuelewa!

Ijumaa asubuhi nilimwachia Shee nyumba makusudi, nikaenda sokoni, nikazunguka mpaka nikachoka. Niliporudi alikuwa ameshaondoka na wazee wake. Jumamosi alirudi ametahayari, kanzu imechafuka tope, hataki hata kuketi.

"Umenivua nguo mbele za watu, Mwanaheri!" alisema.

Nikacheka. Wallahi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia anipe talaka yangu aondoke. Alinipa pale pale, akachukua sanduku lake, nami nikapika pilau nikala peke yangu.

Sahani ilikuwa bado mkononi Bi Rukia alipoingia. Hakupiga hodi. Alishika barua iliyofunguliwa.

"Mwanangu ana muke?" aliniuliza. "Nambia, Mwanaheri! Yuko nti gani huyo muke? Tumekukosani sisi?"

Nilisoma maneno yangu mwenyewe kwenye barua ya Swaleh. Sahani ilianguka.

Kulipokucha nilikwenda Siyu. Nilipiga magoti mbele ya baba wa yule msichana, nikamweleza vifupisho, kukunja aya, kila kitu. Unamwelezaje mzee wa miaka sabini kwamba maneno yalijificha? Alinisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa rafiki wa baba.

"Kalamu ya babako twaliiyua," akasema. "Hini yako hatuiyui. Rudi kwako."

Binti yake aliposwa na mwingine kabla ya mfungo. Swaleh alihamia Mombasa, na Bi Rukia nikimpa salamu huitikia kwa midomo tu, kwa kuwa salamu ni wajibu.

Mteja hata mmoja hakurudi. Lakini subirini, pigo lenyewe bado! Habari za Siyu zilipofika Kizingitini, watu walisema: kumbe mwanamke huyu ana wazimu, humchafulia kila mtu. Basi hata ya Shee ilikuwa uzushi wake! Ukweli wangu nilikuwa nimeuua kwa kosa langu. Shee aliomba upya kwa barua fupi isiyo na dua, akakubaliwa. Ameoa. Juzi nilimwona gatini amenenepa.

Msiniambie nisamehe. Shee simsamehe, na huko Akhera nitamdai kila neno la baba yangu. Ningeweza kurudi siku ile, ningemwaibisha tena, lakini kwa mdomo wangu, mbele ya wazee wale wale, wakinitazama usoni.

Dua nimeirudisha kwenye mashine, kutoka daftarini, herufi kwa herufi. Kila asubuhi nafungua kompyuta, nabonyeza d na z, kisha naikunjua aya yote niisome hadi amina, nihakikishe. Ni safi. Hakuna barua ya kuiweka.

Wenzangu, hasa nyinyi mnaokula kwa kazi ya mikono yenu: ukitendwa, sema wazi, lia, nenda kwa kadhi, mtupie virago vyake nje! Lakini kisasi chako usikiweke kamwe ndani ya chombo cha kazi. Chombo hakijui adui yako ni nani. Nawasihi, jambo hili lisiwafike. Na wewe Bi Rukia, kama kuna atakayekufikishia haya... barua ya Swaleh nitaiandika tena siku yoyote, kwa mkono, na utaisoma yote wewe kabla sijaifunga.